Tatu kwa Kumi

Siku za mwanzo niliuliza, "Unakunywa?"
na Vumilia nzima ikanijibu hapana,
hata yule aliyeingia akipapasa ukuta
asije akaukosa mlango.
Hapana, hapana, nikatia tiki,
fomu ikawa safi kama shuka la mgeni.

Sasa sianzii hapo.
Nauliza mvua, nauliza jembe,
nauliza kama mabani yamekwisha kuezekwa.
Kisha kalamu naiweka chini,
nasema, "Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Fomu inataka vipimo vya vitabuni.
Huku hakuna aliyewahi kunywa kipimo.
Kwa hiyo juu ya kabati, jirani na mizani ya watoto,
nimepanga kopo la bati, kibuyu cha wanzuki,
na chupa ya maji ya nusu lita, ile ya gongo.
Mtu halazimiki kusema. Anaonyesha kwa kidole.

Nkwabi alikuja na kidole chenyewe kimepasuka,
panga lilimteleza akichanja kuni za bani.
Nikiwa nashona, nikafika kwenye tumbaku.
Akacheka mpaka uzi ukatetemeka:
"Unaniuliza mimi tumbaku, sista?
Nimeipanda, nimeichuma, nimeipanga kwa madaraja,
nimelala nayo bani nikichochea moto.
Bati la nyumba yangu ni tumbaku.
Uliza basi kama natumia hewa."

Nami nikacheka. Nikatia tiki.

Kwenye chupa hakucheka.
Aligusa ya nusu lita, akaigusa tena.
"Kila siku?"
"Siku za soko, mbili."
"Na soko likifungwa?"
"Likifungwa ndiyo zaidi. Si kuna deni la mbolea?"

Sikumwambia habari za ini.
Anazijua; alimzika kaka yake Mihambo
tumbo limewambwa kama ngoma.
Wala sikumwambia avumilie:
hilo ni jina la kijiji, si dawa.
Nilimuuliza tu, kutoka sifuri mpaka kumi,
hamu yako ya kupunguza imefika ngapi?
Akatazama dirishani, foleni ya kina mama na kadi zao.
"Tatu."

Zamani ningesema, mbona tatu tu?
Lakini tulifundishwa Urambo, siku mbili, na chai,
kuligeuza swali kama chapati kabla halijaungua:
"Mbona si sifuri?"

Akanyamaza. Nikafunga fundo la mwisho, nikakata uzi.
"Nina binti, Limi. Anapenda redio.
Akisikia kengele ya baiskeli yangu
anaizima."

Basi. Ndiyo tatu yenyewe.

Tukapatana mambo madogo, aibu hata kuyataja:
asinywe kabla hajala,
na Alhamisi apitie njia ya shule,
siyo ile ya kilabuni kwa Kabula.
Nikamwandikia tarehe ya kutoa nyuzi.

Hakuja. Nilisikia alizitoa mwenyewe, kwa wembe.

Wiki ya chanjo nilipita kwao na deli langu begani,
jua limeshaelekea Kaliua.
Redio ilikuwa ikitaja bei ya alizeti.
Kengele ikalia nyuma ya mihogo.
Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu,
mimi niliyevaa kandambili.

Baiskeli ikaegemezwa ukutani.
Redio ikashuka sauti.
Ikashuka, nasema. Haikuzimwa.

Kwenye rejista hakuna safu ya jambo hilo.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.